Mary Ainsworth na Watoto wa Buganda

Katika masomo ya saikolojia ya elimu wanachuo hukutana na jina la Mary Ainsworth katika mistari miwili mitatu, aghalabu chini ya jina la John Bowlby, kisha huendelea na mambo mengine. Twaona kuwa hiyo ni hasara, hasa kwa walimu watakaofundisha madarasa ya chini katika kata kama Mtawanya, wilayani Kibiti, na katika vijiji vya delta ya Rufiji. Mama huyu hakuyapata maarifa yake makubwa katika maabara ya Ulaya. Aliyapata hapa Afrika Mashariki, akiwa ameketi sebuleni mwa wanavijiji wa Kiganda, daftari mkononi, akitazama jinsi mtoto mwenye hofu anavyotulia.

Swali la mtoto mwenye hofu si geni kwetu. Mafuriko ya mto Rufiji ndiyo yaletayo rutuba ya mashamba ya mpunga na ya mlau. Mafuriko hayo hayo, mwezi wa Aprili 2024, yaliingia majumbani na mashambani katika wilaya za Rufiji na Kibiti na kuzihamisha kaya nyingi, na mwanzoni mwa Mei kikafuata kimbunga Hidaya. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 2015 na 2017, wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na ya askari polisi. Mtoto aliyezipitia siku kama hizo huja nazo darasani, naye mwalimu humkuta akiwa na daftari na kalamu kama wenzake wote. Ndiyo maana tumeona yafaa kuyasimulia maisha ya Ainsworth kwa urefu kidogo.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, katika jimbo la Ohio, Marekani, akiwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Mwaka 1918 wazazi wake walihamia Toronto, Kanada, na huko ndiko alikokulia. Tumesoma kwamba utotoni alikuwa karibu zaidi na baba yake kuliko mama yake. Akiwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha saikolojia kilichoandikwa na William McDougall, akatambua kwamba mtu aweza kutafuta ndani ya nafsi yake sababu za hisia zake, si nje tu. Mwaka uliofuata aliingia Chuo Kikuu cha Toronto. Mwalimu wake mmoja, William Blatz, alikuwa akifundisha kwamba mtoto mdogo hawezi kuthubutu kujifunza mambo mapya pasipo kwanza kujiona salama kwa wazazi wake. Ainsworth aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya fikra hiyo na kuhitimu mwaka 1939.

Vita vikaja. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada, akapanda hadi cheo cha meja, na vita vilipokwisha alifanya kazi kwa muda ya kuwasaidia wanawake waliotoka jeshini kurudi katika maisha ya uraia. Kisha alirudi chuoni Toronto kufundisha. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London ambako mume alikuwa akiendelea na masomo. Mke hakuwa na kazi. Alijibu tangazo la gazeti, akaajiriwa katika kliniki ya Tavistock chini ya daktari John Bowlby.

Wakati huo Bowlby alikuwa akichunguza hali ya watoto waliotengwa na mama zao kwa sababu ya vita, maradhi au kulazwa hospitalini. Ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani ilitoka mwaka 1951. Hata hivyo mtu aliyemvutia Ainsworth zaidi katika kliniki ile alikuwa James Robertson, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa wodini na kuwaangalia watoto wadogo saa baada ya saa, akiandika walivyolia, walivyonyamaza, na walivyowageuzia nyuso mama zao waliporudi. Mwaka 1952 Robertson alitoa filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini, filamu iliyowaudhi madaktari wengi, na ambayo baadaye ilisaidia kubadili taratibu za wazazi kuwatembelea watoto wao wagonjwa. Ainsworth aliamua kwamba siku akipata nafasi ya kufanya utafiti wake mwenyewe ataufanya kwa njia hiyo: kutazama kwanza, tena kwa muda mrefu.

Nafasi hiyo aliipata Kampala. Mapema mwaka 1954 mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, naye Mary akafuatana naye bila ajira. Aliiomba taasisi msaada wa fedha kidogo, akajifunza Kiganda kwa kadiri alivyoweza, akapata mkalimani, na kuanza kuzunguka katika vijiji sita karibu na Kampala. Yafaa tukumbuke huo ulikuwa wakati gani. Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa amehamishiwa Uingereza na serikali ya kikoloni tangu Novemba 1953, na hakurejea mpaka Oktoba 1955. Buganda yote ilikuwa na uchungu. Mwanamke wa Kizungu kupiga hodi katika nyumba za Waganda wakati kama huo halikuwa jambo dogo, na kukaribishwa kwake kunatuonyesha heshima ya wenyeji kama vile kunavyoonyesha subira ya mgeni.

Alichagua watoto wachanga 28 kutoka katika familia 26. Kila nyumba aliitembelea kila baada ya majuma mawili, kwa muda wa kama saa mbili, nyakati za alasiri ambapo akina mama walikuwa wamezoea kupokea wageni. Kazi iliendelea kwa miezi kadhaa, katika baadhi ya nyumba hata miezi tisa. Mama alipohitaji kumpeleka mtoto kliniki, Ainsworth alimchukua kwa gari lake. Hakuwa na kipimo cha kumwekea mtoto mezani. Alizungumza na mama kupitia mkalimani, huku jicho lake likimfuata mtoto aliyekuwa akitambaa mkekani.

Nia yake ya kwanza ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi mtoto wa Kiganda anapoachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi kwa muda, akataka kuona utengano huo unavyomwathiri. Alipofika alikuta familia nyingi zimekwisha kuiacha desturi hiyo. Mtafiti mwingine angefunga mizigo. Yeye aligeuza swali: akaanza kuchunguza mapenzi ya mtoto kwa mama yanavyoanza, kabla hata hayajajaribiwa na utengano wowote. Tena alikuwa amekwenda na imani iliyotawala siku zile, kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama ndiye amlishaye, na alikuwa amemtahadharisha Bowlby asiyaandike mawazo yake yaliyopinga imani hiyo. Katika vijiji vile imani yake ilianguka. Aliona watoto wakimshika mtu ambaye hakuwanyonyesha kamwe, na aliona kwamba mtoto si chombo cha kupokea tu. Yeye mwenyewe huita, hufuata, huparamia, huchagua.

Jambo aliloliona mara kwa mara ni hili. Mtoto aliyekwisha kujua kutambaa huondoka miguuni pa mama, huenda hadi mlangoni, hugusa kuku au kikapu, kisha hugeuka kumtazama mama, au hurudi kumgusa, ndipo huondoka tena. Mama akitoka nje, uchunguzi wote hukoma na kilio huanza. Mgeni akiingia, mtoto hukimbilia kwa mama. Naye mama akirudi baada ya kitambo, watoto wengi wa Kiganda hawakumkumbatia wala kumbusu. Walimpigia makofi kwa furaha. Kutokana na hayo Ainsworth alieleza kwamba mtu ambaye mtoto amefungamana naye ni kituo chake cha usalama. Wanaoijua Nyamisati wataelewa upesi: mvuvi haichukii gati aondokapo, wala haendi baharini ili aikimbie. Kwa kuwa gati ipo, ndiyo sababu huthubutu kwenda mbali.

Katika watoto wale 28, aliwahesabu 16 kuwa wenye mfungamano wa salama, na 7 wenye mfungamano wenye wasiwasi, ambao walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama. Watano waliobaki hakuwaita watoto wasio na mapenzi. Aliwaita ambao bado hawajafungamana, na neno hilo bado tunawaomba wasomaji walishike. Alipotafuta sababu ya tofauti hizo aligundua kwamba haikuwa wingi wa maziwa peke yake wala wingi wa nguo. Mama wa watoto waliotulia walikuwa ndio waliomweleza habari nyingi zaidi na za hakika zaidi juu ya watoto wao: hulala saa ngapi, hupenda nini, hutishwa na nini, kilio hiki si sawa na kile. Walikuwa wamewatazama.

Aliondoka Uganda mwaka 1955 na kwenda Baltimore, Marekani, ambako alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda hakikutoka hadi mwaka 1967. Katikati ya hapo ndoa yake ilivunjika, mwaka 1960, naye hakujaliwa kupata watoto.

Kuanzia mwaka 1963 aliurudia utafiti wake kwa familia 26 za Baltimore, safari hii kwa muda wa saa nne kila anapotembelea, kila majuma matatu, kwa mwaka mzima. Hapo alikutana na shida ambayo watu hawaitaji sana. Watoto wa Kimarekani walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka chumbani, kwa hiyo nyumbani mwao hawakuonyesha wazi yale ambayo mtoto wa Kiganda aliyaonyesha mara tu mama alipoinuka. Ili kuyaona, Ainsworth pamoja na Barbara Wittig walitengeneza jaribio la dakika kama 20 katika chumba kigeni cha chuo: mama huondoka, mgeni huingia, mama hurudi. Jaribio hilo ndilo linalotajwa katika kila kitabu cha saikolojia. Wachache huongeza kwamba lilibuniwa ili kuwafanya watoto wa Baltimore waonyeshe yale yaliyokwisha kuonekana sebuleni Buganda.

Kwa maoni yetu jaribio hilo limemtendea muasisi wake dhuluma kidogo. Chumba kina mama mmoja, mtoto mmoja na vitu vya kuchezea. Kijiji cha Buganda kilikuwa na bibi, shangazi, dada wakubwa na wake wenza, na Ainsworth mwenyewe aliandika habari za mikono hiyo mingi. Wataalamu wengine wamelaumu baadaye kwamba elimu hii imejengwa juu ya kaya za Kizungu. Lawama hiyo ina haki ikielekezwa kwa waliolitumia jaribio kila mahali bila kufikiri. Ikielekezwa kwa kitabu cha mwaka 1967 haina nguvu sana. Mwanachuo atakayekwenda delta, ambako msimu wa kilimo wazazi huhamia bondeni na kukaa katika madungu kulinda mpunga, huku watoto wakiachwa na bibi au na kaka mkubwa, atafaidika zaidi na kitabu hicho kuliko na habari za chumba cha Baltimore.

Matokeo mengine ya Baltimore hatuwezi kuyapita. Mwaka 1972 Ainsworth na Silvia Bell walitangaza kwamba watoto ambao vilio vyao vilijibiwa upesi katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka, tena walikuwa na njia nyingi zaidi za kueleza haja zao. Imani ya wengi, kwao na kwetu, ni kinyume chake: kwamba mtoto anayebembelezwa atadeka.

Mwaka 1975 alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, akastaafu mwaka 1984, na mwaka 1998 alipewa nishani ya dhahabu na chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Alifariki dunia tarehe 21 Machi 1999 huko Charlottesville, akiwa na umri wa miaka 85.

Yale aliyoyaona kwa macho, wenzake waliomfuata waliyatafuta ndani ya mwili. Mtoto anapotishika, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutoa ishara ya hatari. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni iitwayo kotisoli. Kwa muda mfupi hayo ni mema; ndiyo yanayomwezesha mtoto kuyakimbia maji. Hofu ikidumu kwa miezi, mambo hubadilika. Amigdala huwa nyepesi kushtuka hata pasipo hatari. Hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, huweza kudhoofika katika kazi yake. Na ile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo hupima, husubiri na kuzuia pupa, hushindwa kuutuliza woga. Sehemu hiyo huchelewa sana kukomaa, hadi mtu apite miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza hana bado ndani yake chombo kamili cha kuzimudu hisia zake. Huazima cha mtu mzima aliye karibu.

Kuazima huku kumepimwa. Katika miaka ya 1990 Megan Gunnar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapima kotisoli watoto wadogo waliokutanishwa na vitu vigeni vya kuogofya. Miongoni mwa watoto waoga, waliokuwa na mfungamano wa salama walionyesha woga usoni, lakini kotisoli yao haikupanda; wenye mfungamano wa wasiwasi ilipanda. Huko Bucharest, Rumania, utafiti ulioanza karibu na mwaka 2000 uliwafuatia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika makao makubwa. Nusu yao walipelekwa kwa kura katika familia za walezi. Waliopata mlezi wa kudumu walipona katika mengi, na waliompata kabla ya kutimiza miaka miwili walipona zaidi, mpaka katika mawimbi ya umeme ya ubongo yaliyopimwa kichwani. Kwa kupima mfungamano watafiti wale walitumia jaribio la Ainsworth. Katika nchi yetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walitoa mwaka 2011 taarifa ya kituo kimoja cha yatima ambako walezi walifundishwa njia mpya ya kulea na watoto wakatibiwa viwewe vyao; vipigo vilipungua sana na hali ya watoto ikawa njema zaidi.

Sasa tumtazame mwalimu wa Mtawanya. Mvua inaanza kupiga bati katikati ya kipindi cha hisabati. Mtoto mmoja anaduwaa, mwingine anampiga jirani yake, wa tatu anatoka mbio kwenda chooni na harudi. Mwalimu asiyejua atawaita mzembe, mtukutu na mtoro. Kumwuliza mtoto jumla ya 7 na 5 wakati huo ni kubisha hodi katika nyumba ambayo wenyewe wamekimbia. Fimbo nayo huongeza hatari juu ya hatari: amigdala iliyokuwa ikisikia mvua sasa inamwona mwalimu. Tena kanuni za mwaka 2002 ziliiweka adhabu ya viboko mikononi mwa mwalimu mkuu au aliyemteua yeye, wala hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa apendavyo.

Kinachofaa ni mwalimu kusimamisha hesabu kwa dakika chache, kusogea karibu na watoto hao, kushusha sauti yake mwenyewe kwanza, na kuliongoza darasa zima katika jambo la mwili: wimbo wa makofi, au kupuliza taratibu kama apulizaye uji wa moto, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mbio za moyo. Hesabu itarudi baadaye. Kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake asimulie jinsi nyumba yao ilivyochukuliwa na maji hatukushauri hata kidogo; akitaka kuchora mtumbwi au kufinyanga nyumba ya udongo, apewe nafasi, na asiulizwe zaidi ya anachotaka kusema. Kadhalika utaratibu wa siku usiobadilika ovyo, yaani salamu ile ile kwa jina mlangoni, mahali pale pale pa kukaa, na wimbo ule ule wa kufungia kipindi, humfahamisha mtoto kitakachofuata, naye ajuaye kitakachofuata hana haja ya kukesha kwa hofu.

Tutaulizwa habari za darasa lenye watoto 100. Ni kweli kwamba mwalimu hawezi kuwa kituo cha usalama cha watoto 100 kwa kipimo kile kile. Hata hivyo wengi wao wanacho kituo nyumbani. Wanaomhitaji mwalimu kwa namna ya pekee ni wachache, na kazi ya kwanza ni kuwatambua. Aidha mwalimu si daktari. Mtoto ambaye kwa miezi halali, hasemi, au amerudi kujikojolea, habari zake zifikishwe kwa walezi wake, kisha kituo cha afya na ofisa ustawi wa jamii.

Kwa ajili hiyo wanachuo watakaokwenda Mtawanya na delta kwa mazoezi ya kufundisha watabeba daftari moja zaidi. Kila mmoja atachagua watoto watatu wa darasa la kwanza au la pili, na kila baada ya majuma mawili ataandika, bila kuhukumu: mtoto huyu akianguka uwanjani humkimbilia nani, akishindwa kusoma hufanya nini na mikono yake, nani hubaki naye nyumbani wazazi wakiwa bondeni, nini kilimtuliza mara ya mwisho, na baada ya muda gani. Majina halisi yasiandikwe. Penye mtoto ambaye hamwendei mtu yeyote, mwanachuo ataandika kwamba bado, na tarehe.